Anselme Kakule, Fundi wa Cherehani Aliyeomba Kaburi la Pembeni

Ndugu waombolezaji, majirani wa Kansanga, watu wa Old Kampala, nanyi mliotoka Butembo mkalala mpakani: yatakayosomwa hapa hakuna atakayeyasadiki. Anayeyasoma ni Hippolyte, baba mdogo wa marehemu, na ulimi wa Hippolyte mnaujua, kwa hiyo mna haki ya kukunja nyuso. Lakini marehemu aliyasikiliza maneno haya mwenyewe, akiwa hai, kwa alasiri tatu kitandani hospitalini, na kila uongo alioukuta alimwamuru mkewe aukate kwa kalamu nyekundu. Yaliyobaki ni kweli tupu. Yaliyokatwa yalikuwa matamu zaidi.

Anselme Kakule Kyavumba alizaliwa tarehe 14 Machi 1974 huko Kyondo, karibu na Butembo, mashariki ya Kongo. Wazazi wake walikuwa Mzee Kyavumba na mama Zawadi, wote wawili wametangulia. Alikuwa mtoto mwoga, na kulificha hilo leo ni kumkosea heshima. Aliogopa radi, aliogopa mto, aliogopa kuku jike mwenye vifaranga kiasi cha kuzunguka nyumba nzima ndipo afike chooni. Hippolyte, aliyemzidi miaka kumi na mitatu, alimcheka mbele ya wageni. Mtoto alimtazama tu. "Baba mdogo," alisema, "wewe yule kuku alikudonoa. Mimi hajanidonoa." Na ilikuwa kweli, kovu liko mguuni mpaka leo.

Alisoma shule ya msingi ya parokia kuanzia mwaka 1980 hadi 1986, kisha sekondari miaka mitatu. Mwalimu wake mmoja aliandika kwenye ripoti: "Anauliza mara tatu kabla ya kujibu mara moja." Nyumbani tulidhani ni tusi. Tarehe 2 Februari 1990 baba yake alifariki, karo ikakatika, na Anselme akarudi nyumbani na madaftari yake yamefungwa kwa kamba ya mgomba. Hakuyafungua tena, lakini hakuyatupa.

Mwaka 1991 ulifika wakati wa kuchagua kazi. Hippolyte alikuwa ameanza kununua dhahabu machimboni, ana viatu vyenye ncha na miwani ya jua hata ndani ya nyumba. Alimwita kijana akamwambia, "Njoo nami. Mwaka mmoja tu utakuwa na gari."

"Na mwaka wa pili, baba mdogo?"

Hippolyte alivua miwani akaifuta. Anaifuta hata leo. Anselme alienda kukaa miguuni kwa mzee mmoja wa sokoni aliyetengeneza cherehani, akawa anasugua kutu kwa kitambaa mwaka mzima bila kushikishwa bisibisi. Tulisikitika. Tulisema mtoto wa Kyavumba atakufa na grisi kwenye kucha. Miaka mingi baadaye alieleza alivyofikiri siku zile. Alikuwa anaogopa njaa, basi akazunguka sokoni kutafuta ni nani hajawahi kukosa mteja, wakati wa vita wala wakati wa amani. Watu wakikimbia, nguo zinachanika. Watu wakirudi, watoto wanataka sare za shule. Akakaa penye sindano. Hippolyte naye, mwaka 1994, alinunua mfuko wa dhahabu kwa mtu mwenye adabu nyingi mno, na ilikuwa vumbi la shaba, hata fundi wa meno aliikataa.

Mwezi wa Mei 2003, mapigano yalipozidi, Anselme alivuka mpaka wa Mpondwe kuingia Uganda. Alikuwa amejifunga spana na bisibisi zake zote mapajani, chini ya suruali, kwa hofu ya kunyang'anywa. Askari alimwona anatembea miguu imekakamaa kama mzee wa miaka tisini.

"Wewe, unaumwa?"

"Ndiyo, afande. Miguu."

"Pole. Pita, mzee." Alikuwa na miaka ishirini na tisa. Alisimulia kwamba alivuka huku moyo unagonga kuliko vyuma vyenyewe, na kwamba afande yule alimwitia mtu wa pikipiki.

Kampala alipokelewa na Hajati Ruqaiya, Mnubi mwenye duka la vitambaa Old Kampala, ambaye amesimama pale mbele na mwavuli wake, Mungu amzidishie. Alimwonyesha baraza ya duka akasema, "Kaa hapo, kijana. Lakini usinigongee nyundo wakati wa swala." Alikaa hapo miaka ishirini na miwili, kwanza barazani, kisha chumba cha nyuma, na nyundo haikusikika hata siku moja wakati wa swala.

Sasa mali yake. Hapa Hippolyte aliandika kwamba marehemu alikuwa na cherehani mia nne. Marehemu alimwambia mkewe aondoe sifuri moja, kisha aongeze mashine moja, kwa sababu hakutaka kupunjwa pia. Ni arobaini na moja. Alizipata hivi: kila mwisho wa mwezi, mvua au jua, alinunua kichwa kimoja cha cherehani kibovu kutoka kwa watu wa vyuma chakavu, kwa kilo, kabla hakijaenda kuyeyushwa. Vingine alivikata akapata vipuri vya kutengenezea vingine. Vilivyopona aliwakodishia mama washonaji wa Kansanga, Katwe na Nsambya. Mwezi wa kwanza tulimwona mpumbavu. Mwaka wa tano tulimwona bahili. Mwaka wa kumi tukaanza kumwomba nauli. Hakuwahi kununua viwili kwa mwezi, hata mwezi uliokuwa mzuri. "Kikinishinda kimoja nitalala," alisema. "Vikinishinda viwili sitalala."

Tarehe 18 Novemba 2006, siku ya Jumamosi, alifunga ndoa kanisani Lubaga na Katungu Marie-Jeanne, mshonaji aliyemletea mashine moja ile ile mara nne bila kuwa na ubovu. Mara ya nne Anselme aliligeuza gurudumu la mashine, akaipaka mafuta, akasema, "Dada, hii haiumwi."

"Najua," alijibu Marie-Jeanne. "Mwenye nayo ndiye anangoja uulize." Alihitaji wiki tatu nyingine kuuliza. Mungu aliwajalia watoto watatu: Olivia, Justin na Aline.

Kuhusu kuajiri watu, marehemu alikuwa na mtindo wake. Juu ya meza aliweka cherehani moja nzuri ya kutazama, imepakwa rangi nyeusi inang'aa, lakini chuma chake kilikuwa kimepasuka chini ya rangi, mahali ambapo hakuna fundi duniani anayeweza kupatibu. Mtu akija kutafuta kazi, alipewa hiyo aitengeneze. Waliosema "naweza" na kuanza kukaza nati, aliwapa soda na nauli ya kurudi. Mwaka 2014 Hippolyte alimleta mwanawe, Heritier, akamwomba Anselme asimpe mtihani, maana kijana amesoma umekanika miaka mitatu Butembo. Ilikuwa miezi mitatu, na alikuwa anafagia. Ndugu ni ndugu; Anselme alikubali. Januari iliyofuata, wiki moja kabla shule hazijafunguliwa, alimtuma kwenye karakana ya sare Katwe kulainisha mashine sita. "Naweza, kaka, hiyo ni kitu kidogo," alisema Heritier, na akazijaza zote grisi nzito ya magari. Mashine ziliganda kama ugali wa jana. Anselme alikaa siku nne magotini akizisafisha, na watoto wa shule wakangoja. Hakumfukuza. Alimtazama siku nzima akiongea na wateja, kesho yake akamweka mbele ya duka auze nyuzi. Hakuna mwuza nyuzi anayemfikia Heritier Old Kampala nzima, na hilo halikukatwa kwa kalamu nyekundu.

Linalofuata ni zito kwa anayesoma. Tarehe 17 Desemba 2016 kulikuwa na harusi Kansanga. Hippolyte alipewa kipaza sauti, na alikuwa amekunywa kidogo. Alitangaza kwamba mtoto wa ukoo wetu, Anselme, ana ghala tatu zilizojaa mashine na nyumba ya ghorofa. Watu walipiga vigelegele. Anselme hakupiga. Aliinama kwenye sahani yake, na mkewe alimwona hatafuni.

Tarehe 14 Januari 2017, Jumamosi, saa tisa mchana, mvua ikipiga mabati hata mtu hasikii jirani, wanaume watatu waliingia chumba cha nyuma wakashusha mlango wa chuma. Mmoja alikuwa na kitu cheusi kiunoni. Marie-Jeanne alikuwa ndani na Aline wa miaka miwili.

"Tajiri wa Kongo," walimwambia, "ghorofa liko wapi?"

"Ghorofa gani, wakubwa?"

"Lile la harusini."

Walifungua masanduku kumi na tisa. Kila sanduku lilikuwa na kichwa cha cherehani chenye kutu. Marie-Jeanne alimziba mtoto macho kwa kanga na kuhesabu masanduku yaliyobaki, akijua kwamba yakiisha na hakuna kitu, watakasirika. Katika sanduku la kumi na saba mmoja wao alijikata kidole. Anselme alichana kitambaa akamfunga kidonda. Yule mtu alitazama vyuma, akamtazama fundi, akasema, "Mnatupotezea wakati." Walichukua simu mbili na pesa za siku ile wakaondoka. Mlango ulikaa umeshushwa saa nzima baadaye, maana hakuna aliyethubutu kuuinua, mpaka Hajati Ruqaiya alipokuja kugonga kwa mwavuli.

Jioni Anselme alimfuata Hippolyte, akakaa, akauliza kwa sauti ya chini, "Baba mdogo, waliujua mlango wangu kwa nani?" Toka siku hiyo marehemu alifanya kazi ameelekea mlangoni. Akisikia watu watatu wanaongea nje, bisibisi ilisimama hewani mpaka wapite.

Mwaka 2018 alihitaji msaidizi, na akaja Alal, binti wa Kiacholi kutoka Kitgum aliyejifunza ufundi kwa mjomba wake. Alipewa mashine nyeusi ya mtihani. Aliigeuza, akaigonga kwa kucha, akaisikiliza, akaiweka chini.

"Mzee, hii mashini iko imekufa."

"Jaribu kidogo."

"Mimi siwezi kudanganya wewe. Ukinilipa nifungue hii, nakula pesa yako bure."

Anselme alimwajiri siku ile ile. Ndugu walinung'unika: kwa nini mtu wa nje, kwa nini mwanamke, kwa nini si wetu? Walionung'unika wako hapa, na wanajua Hippolyte alikuwa wa kwanza kati yao.

Mwaka 2020 mikono ya Anselme ilianza kutetemeka. Aliificha miezi saba. Alidhani ni woga wa wale watu watatu umemshukia vidoleni, na aliona aibu kuliko maumivu. Daktari aliposema ni ugonjwa wa mishipa ya fahamu, usio na dawa ya kuuondoa, Marie-Jeanne alilia. Anselme alicheka kwa furaha. "Mama Olivia, umesikia? Ni ugonjwa! Si mimi!" Walipofika nje ndipo alipokaa kwenye ngazi na kuanza kuogopa upya, hofu ya kweli sasa: nani atawatunza hawa. Miaka minne iliyofuata alikaa kwenye kiti karibu na Alal. Mikono ilikuwa ya Alal na macho yalikuwa ya Anselme. "Legeza. Rudisha. Sikiliza. Umesikia?" "Nimesikia, mzee." Mpaka ikafika siku akafungua mdomo kusema legeza, na Alal alikuwa ameshalegeza.

Februari mwaka huu alishindwa kumeza vizuri, mapafu yakaingia maji, akalazwa. Hapo simu zikaanza kutoka Butembo. Zilimjia Hippolyte, kwa kuwa ndiye mzee aliyebaki wa nyumba ile. "Siku ya mazishi shika funguo wewe. Mwanamke atarudi kwao. Yule Mwacholi atoke." Hippolyte alisema ndiyo kwa wote, kwa sababu alikuwa anaogopa kusema hapana. Toka wiki hiyo Marie-Jeanne alilala na funguo zimefungwa kiunoni kwa kitambaa, na kila Hippolyte alipoingia wodini alimwangalia kama mbuzi anavyomwangalia mwenye kisu. Alimkaribisha, "Karibu, baba mkwe," na mkono wake ulienda kiunoni.

Anselme aliyaona yote. Tarehe 25 Februari alimwambia, "Baba mdogo, leta karatasi. Andika wasifu wangu sasa, nisikie. Wewe nakuogopa kuliko kifo. Kifo kitasema mara moja, wewe utaendelea."

Katika ukoo wa Kyavumba, mnajua, yanayosomwa kaburini yasipopingwa kabla ya udongo wa kwanza yamekubaliwa na wote, na anayeyafufua baadaye hakai tena nasi mezani. Kwa hiyo sikilizeni. Cherehani arobaini na moja ni za Katungu Marie-Jeanne. Chumba cha nyuma si chetu, ni cha Hajati Ruqaiya, na mkataba umeandikwa jina la Marie-Jeanne. Kiwanja hiki mnachosimama, futi hamsini kwa mia, kilinunuliwa mwaka 2012 na karatasi yake ni ya Marie-Jeanne. Kazi itaongozwa na Alal, na faida yeye na Marie-Jeanne watagawana kama walivyokubaliana mbele ya marehemu. Ghala hakuna. Ghorofa hakuna, na halikuwahi kuwepo; Hippolyte alilijenga kwa mdomo, na leo analibomoa kwa mdomo huo huo. Kaburi limechimbwa pembeni, juu ya mpaka, kwa ombi lake mwenyewe. Alisema hakuna anayenunua kiwanja ambacho mlinzi wake analala konani. Kuna nyuso hapa zilizopiga simu. Nani ana neno?

Nani ana neno?

Kwa mara ya tatu, nani ana neno?

Marehemu alifariki Jumatano, tarehe 12 Machi 2025, saa kumi na mbili asubuhi, siku mbili kabla ya kutimiza miaka hamsini na moja. Mkewe alikuwa amemshika mikono, na alisema kwamba kwa mara ya kwanza toka mwaka 2020 mikono ilikuwa imetulia.

Ameacha mjane, Katungu Marie-Jeanne. Watoto Olivia, Justin na Aline. Binamu yake Heritier. Mwanafunzi wake Alal. Baba yake mdogo Hippolyte. Na akina mama wengi ambao leo mashine zao zimefunikwa kwa heshima yake. Mungu ampe usingizi usio na mlango wa kuangalia.

Limebaki fungu moja. Jumanne alasiri, siku ya mwisho ya kusomewa, Hippolyte aliona wasifu umekosa nguvu mwishoni, akaongeza lake bila kuulizwa, akalisoma kwa sauti kubwa mpaka wagonjwa wengine wakageuka. Marie-Jeanne alikuwa na kalamu nyekundu mkononi. Linasema hivi: "Na Hippolyte anaapa kwamba atasimama mlangoni kwa mama Olivia siku zote za maisha yake, na yeyote atakayenyoosha mkono kwenye zile funguo, hata wakija wanaume ishirini wenye mapanga, yeye peke yake atawa—"

"Baba mdogo," Anselme alisema bila kufungua macho, "wakija wawili utakimbia. Andika kwamba utapiga kelele."